Dawa ya vidole vilivyoziba mishipa: tumbaku kwanza

Pole sana, dada. Umesema kaka yako ana miaka 34, anavuta sigara, hana kisukari, vidole vya miguu na mikono vinageuka bluu na kumuuma usiku, na daktari ametaja ugonjwa wa Buerger, yaani mishipa ya damu ya mikono na miguu huvimba na kuziba. Unauliza kuna kidonge gani cha kuzibua mishipa. Hakuna.

Kinachousimamisha ugonjwa huu ni kuacha tumbaku kabisa. Kupunguza hakutoshi, na ugoro na shisha navyo ni tumbaku. Hata viraka vya nikotini vinaweza kuuchochea, kwa hiyo aombe dawa za kuacha sigara zisizo na nikotini, kama bupropioni. Wanaoacha kabisa kabla nyama haijaoza, wengi wao hawafikii kukatwa kidole.

Dawa yenye nguvu zaidi ni iloprosti. Hutolewa kwa dripu, takriban saa sita kila siku kwa wiki kadhaa. Hutanua mishipa, hupunguza maumivu na kusaidia vidonda kufunga. Huweza kushusha presha, ndiyo maana hutolewa hospitalini. Nifedipini husaidia mishipa inapojibana kwa baridi. Silostazoli, dawa nyingine ya kutanua mishipa, asipewe mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri. Aspirini huandikwa sana, ila mimi nisingeitegemea.

Jambo moja watu husahau: asikande vidole kwa maji ya moto. Vikiwa na ganzi, ataungua bila kujua. Na kidole kikiwa cheusi au kikitoa usaha, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.