Ngazi Zimegeuka Mlima: Majibu kwa Walioamka na Misuli Inayouma

Barua za wiki hii karibu zote zina kilio kimoja: mtu kafanya mazoezi, kalala vizuri, kaamka hawezi kuinuka kitini. Nimechagua saba. Naanza na ile ambayo haikufaa kusubiri zamu yake.

Kocha, juzi nilirudi mazoezini baada ya kukaa bure miezi mitano. Nilipiga pushapu na kujivuta kwenye chuma mpaka mikono ikagoma. Leo imevimba, haikunjuki, na tangu asubuhi mkojo wangu ni wa kahawia. Ninywe maji mengi?

Maji peke yake hayatoshi, ndugu yangu. Nenda hospitali, tena sasa hivi. Nilishakujibu hivyo pembeni, ila narudia hapa kwa ajili ya wengine. Msuli ukiumizwa kupita kiasi, chembe zake hupasuka na kumwaga vilivyomo kwenye damu, ikiwemo mayoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya msuli. Ikizidi, figo huelemewa na zinaweza kushindwa kufanya kazi. Madaktari huiita hali hiyo rabdomayolisisi. Huipima kwa damu na mkojo, na mgonjwa akiwahi kuwekewa dripu, mara nyingi hupona. Kwa hiyo mkojo wa rangi ya chai kavu, uvimbe unaoongezeka au kiungo kuishiwa nguvu kabisa ni dalili za kukupeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Wanaopatwa mara nyingi ni watu wa aina yako: waliokuwa na nguvu zamani, wakarudi na kumbukumbu ya nguvu hizo huku misuli imeshasahau.

Kwa nini maumivu hayaji siku ileile? Jimu wananiambia ni asidi imeganda kwenye misuli.

Asidi inasingiziwa. Asidi hiyo, yaani laktiki, hutokana na mazoezi makali na huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Maumivu unayoyasema huanza kati ya saa 12 na 24 baadaye, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha huisha ndani ya wiki. Mtuhumiwa aliyeondoka jana jioni atakupigaje leo?

Mwanafiziolojia Mmarekani Theodore Hough alishaandika mwaka 1902 kwamba chanzo chake kimo ndani ya msuli wenyewe, yaani michaniko. Siku hizi tunajua kwamba michaniko hiyo ni midogo mno, na kwamba inafuatiwa na kazi ya ukarabati: majimaji huingia, kinga ya mwili huja kusafisha, na neva za eneo hilo huwa nyepesi kuhisi. Shughuli hiyo ndiyo inayochukua muda.

Kinachouma hasa si kunyanyua, ni kushusha. Msuli unaorefuka huku umebeba mzigo ndio unaoumia: mapaja unaposhuka mlima, mkono unaporudisha chuma chini polepole, makalio unapochuchumaa. Mwaka 1983 watafiti waliwakimbiza watu kwenye mashine dakika 45, mara kwenye tambarare na mara kwenye mteremko. Kwenye tambarare laktiki ilipanda, misuli haikuuma. Kwenye mteremko laktiki haikupanda, na siku zilizofuata walichechemea. Miaka zaidi ya 40 imepita, na jimuni kwenu bado ni asidi.

Jumatatu nilifanya miguu. Leo ni Jumatano, nashuka ngazi kinyumenyume. Ratiba inasema leo tena miguu. Niende au nipumzike?

Nenda, dada, ila usifanye kile ratiba inachosema.

Kujongea kidogo hakukuchelewishi kupona. Kutembea, baiskeli nyepesi au kuogelea taratibu kutakupa nafuu, ingawa nafuu yenyewe ni ya muda. Ukikaa saa mbili, ukakamavu unarudi. Kwa hiyo usishangae ukitoka mazoezini mzima na kuinuka mezani kama bibi harusi aliyevaa viatu vya kuazima.

Kinachonifanya nikuzuie usibebe mzigo mzito si maumivu. Ni kwamba msuli ulioumia hupoteza sehemu ya nguvu zake kwa siku kadhaa, na hata hisia ya goti liko wapi au mguu umekunjwa kiasi gani hupungua. Uzito uliouweza Jumatatu leo si uzito uleule. Mwili utatafuta njia ya mkato: mgongo utainama, goti litaingia ndani, upande mmoja utabeba kazi ya wawili. Mimi nilijitia ushujaa hivyo nikiwa kijana, nikachuchumaa na chuma begani siku ya pili ya maumivu. Mapaja hayakudhurika. Kiuno ndicho kilichonilaza siku kumi.

Kipimo ninachowapa ninaowafundisha ni hiki. Pasha mwili joto dakika kumi, kisha fanya mizunguko michache bila uzito wowote. Maumivu yakipungua na ukaweza kushuka na kupanda kama kawaida yako, endelea kwa mzigo mwepesi, nusu ya ule wa Jumatatu au chini yake. Yakizidi, au ukijiona unachechemea, funga shughuli ya miguu na ufanye kifua au mgongo. Miguu utairudia Ijumaa.

Nitajuaje kama ni uchovu huu wa kawaida au nimejeruhiwa?

Uliza maumivu yalianza lini na yako wapi. Ya kawaida huja kesho yake, husambaa kwenye msuli mzima, mara nyingi pande zote mbili, na hupungua siku baada ya siku. Jeraha mara nyingi hukushika palepale: kuchoma ghafla, pengine mlio, halafu unaweza kunyoosha kidole kimoja ukaonyesha panapouma. Maumivu ya ndani ya kiungo, au michubuko usiyojua imetoka wapi, usiyaite uchovu.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa naumwa kila baada ya mazoezi. Sasa siumwi kabisa. Mazoezi yameacha kunifaa?

Hapana, yamekukubali. Msuli ukishapitia kazi fulani mara moja, hata kwa kiasi kidogo, mara ya pili huumia kidogo sana, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Ndiyo maana anayeanza kwa kidogo hukosa mateso yanayompata anayeanza kwa pupa, na wote wawili hufika. Tazama uzito unaobeba, mizunguko unayomaliza, mwendo unaokimbia. Vikipanda, unakua. Maumivu yanakuambia tu kwamba umefanya kitu kigeni. Hata kufyeka nyasi siku nzima kunaweza kukuumiza kuliko jimu, na haijawahi kumjenga mtu kifua.

Kunyoosha viungo, barafu, masaji: kipi kinasaidia kweli? Na vidonge je?

Kunyoosha viungo, kabla au baada, hakupunguzi maumivu haya kwa kiasi utakachokihisi. Hili limepimwa mara nyingi na jibu halibadiliki. Nyoosha kama unapenda.

Masaji hutuliza kwa kiasi. Maji baridi pia, lakini kama lengo lako ni kujenga misuli usijitumbukize kila baada ya kunyanyua vyuma, kwa sababu baridi hupunguza ukuaji uleule unaoutafuta. Waachie wenye mechi mbili ndani ya siku tatu. Usingizi wa kutosha hauna mtangazaji, ila ndio ningekuuzia kama ungeuzika.

Vidonge vya kutuliza maumivu mara moja moja, sawa. Kuvimeza ili ufanye mazoezi juu yake, hapana: unazima kengele. Ibuprofen na ndugu zake, ukiwa umepungukiwa maji, ni mzigo kwa figo.

Kijana wangu, nina miaka 63. Nimeanza kutembea kwa kasi na kupanda kilima karibu na nyumbani. Vigimbi vinauma siku tatu. Mke wangu anasema umri umenitupa mkono, niache.

Shikamoo mzee. Usiache. Kinachokuumiza huenda ni kule kushuka kilima, si kupanda. Wiki mbili za kwanza tembea tambarare, halafu ingiza kilima mara moja kwa wiki, ukishuka kwa hatua fupi na polepole. Kama unameza dawa za kupunguza kolesteroli, mweleze daktari wako kuhusu maumivu hayo, maana baadhi yake nazo huleta maumivu ya misuli. Kigimbi kimoja tu kikivimba, kikawa cha moto na kuuma hata umepumzika, nenda hospitali siku hiyo. Huenda ni damu imeganda kwenye mshipa.

Na mama, mchukue mtembee naye. Atakuzuia usikimbie.