Kwa nini Katsalapov alichelewa kurudi kileleni

Umeuliza kwa nini Nikita Katsalapov, mtelezaji wa Urusi mwenye dhahabu ya timu na shaba ya densi ya barafuni (kuteleza kwa jozi kwa kufuata muziki) kutoka Olimpiki ya Sochi 2014, alipotea miaka kadhaa. Sababu kubwa ni kubadili mwenzake. Baada ya Sochi aliachana na Elena Ilinykh akaungana na Victoria Sinitsina. Ilinykh naye akamchukua Ruslan Zhiganshin, aliyekuwa mwenzake Sinitsina.

Watu hudhani wachezaji wawili bora wakiunganishwa kazi imekwisha. Hapana! Densi ya barafuni haina miruko mikubwa ya kuokoa alama, kwa hiyo kila kitu kinategemea ulinganifu: kina cha ukingo wa kisu cha kiatu, umbali kati ya miili, kukunja magoti kwa wakati mmoja. Twizeli, ile mizunguko ya haraka ya mguu mmoja huku mtu akisonga mbele, ndizo huumbua jozi changa. Mmoja akichelewa kidogo tu, nafasi kati yao inapanuka na alama za ubora zinashuka. Kuanguka kunakata alama 1 kwa kila aliyeanguka.

Katsalapov na Sinitsina walianza Marekani kwa kocha Marina Zueva, kisha wakarudi Moscow na baadaye wakafundishwa na Alexander Zhulin, na nadhani hapo ndipo walipojengwa upya. Matokeo yakafuata: fedha ya dunia 2019, ubingwa wa Ulaya 2020 kwa tofauti ya alama 0.14 dhidi ya jozi ya Ufaransa, Papadakis na Cizeron, ubingwa wa dunia Stockholm 2021, fedha ya densi Olimpiki ya Beijing 2022.