Tumechoka kurudia zilezile: igizo jipya la watu sita tutalipata wapi, na monolojia ya odisheni?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naongoza kikundi cha maigizo hapa Ujiji, tupo sita, wasichana wanne na wavulana wawili. Hatuna taa wala spika, tunacheza kwenye kumbi za shule na saa nyingine nje chini ya mwembe. Tamthilia tulizonazo ni zile za shuleni, watu wanazijua mpaka wanatutangulia mistari. Tunaomba utupendekezee za kisasa. Pia mwenzetu mmoja, msichana wa miaka 19, ameitwa odisheni Dar, yaani usaili wa waigizaji, wamemwambia aandae monolojia mbili za kisasa (maneno ya mhusika mmoja tu), dakika mbili mbili. Ameingia mtandaoni kapata vipande vingi hajui achukue kipi. Na je, tunaruhusiwa kucheza kazi ya mtu bila kumlipa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongereni kwa kuendelea kucheza hivyohivyo bila taa, mimi nimeanza kuongoza michezo hapahapa Kigoma kwenye hali hiyohiyo kwa hiyo najua unachosema. Ntaanza na huyo dada sababu yeye ana tarehe, nyie mnaweza kusubiri kidogo.

Vile vipande vya mtandaoni aachane navyo. Vingi vimeandikwa viwe vipande tu, hakuna mchezo mzima nyuma yake, sasa msaili akimuuliza huyu mtu anaongea na nani, na dakika tano zilizopita kimetokea nini, atabaki anaangalia sakafu. Wasaili wanauliza sana hilo swali. Monolojia sio hotuba, na wala sio mtu kulia peke yake mbele ya watu. Ni mtu ana kitu anakitaka kwa mwenzake na huyo mwenzake yupo palepale hata kama sisi hatumuoni, anakataa, anageuza uso, anataka kuondoka, ndo maana huyu anayeongea hawezi kunyamaza. Kipande ambacho hakina huyo mtu wa pili akiweke pembeni hata kama maneno yake ni matamu vipi. Na asichukue kipande cha mchezo ambao hajausoma wote mwanzo mpaka mwisho, hapo simlegezei mtu.

Sasa nimwelekeze wapi. Kuna tamthilia ya Lynn Nottage, Mmarekani, inaitwa Ruined, ilichezwa mara ya kwanza Chicago 2008 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Inatokea Kongo mashariki, kwenye baa ya mama mmoja anaitwa Mama Nadi, mji wa machimbo, wanajeshi wanaingia na waasi wanaingia na yeye anawauzia bia wote. Nottage kabla ya kuandika alikwenda Uganda kukaa na wanawake waliokimbia vita vya Kongo akasikiliza habari zao. Mle ndani kuna msichana anaitwa Salima, kuna mahali anamsimulia mwenzake Sophie asubuhi ile wanajeshi walipomkuta bustanini, anachuma nyanya, mume wake kaenda kununua sufuria. Mtu anaanza na nyanya! Anaongelea jua, anaongelea mtoto, na wewe msikilizaji unajua inakoelekea na unatamani asifike. Hicho ndo kipande namwambia achukue, kina mtu anayeambiwa, kina kitu anachokitaka (anataka aaminiwe kwamba yeye hakufanya kosa), na kinaanza chini kabisa kabla ya kupanda.

Kipo kwa Kiingereza, ndiyo. Lakini fikiria kidogo, hao wanawake wa Kongo mashariki Kiswahili ni lugha yao ya kila siku, sisi hapa tukishuka bandarini Kibirizi boti za Kongo, ng'ambo ya ziwa, zikiwa zinapakia tunakisikia hicho Kiswahili chao mpaka tumekizoea. Kwa hiyo akikitafsiri haongezi kitu cha kigeni, anawarudishia Salima na Mama Nadi mdomo wao. Ila asijaribu kuiga lafudhi ya Kikongo. Ukumbini watu watacheka, na hicho sio kitu cha kuchekewa, aongee Kiswahili chake cha Ujiji na maneno yatafanya kazi yenyewe.

Na hapa niseme jambo moja kwa uchungu. Habari ya Salima ni ya kubakwa na kuchukuliwa mateka. Kwenye chumba cha odisheni Dar hakuna shida, wasaili wamezoea, ila mkiamua kuucheza huku kwetu kumbukeni tunaishi na watu waliopitia hayo kabisa, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996 na wengi wana ndugu huku mjini. Mimi niliwahi kuweka onyesho la vita kwenye ukumbi wa shule bila kutangaza kitu, katikati mama mmoja akanyanyuka akatoka taratibu ameshika kitambaa mdomoni, na mpaka leo nikipanga viti namkumbuka. Tangu siku hiyo natangaza kabla ya kuanza hiki kinahusu nini, na mlango wa nyuma nauacha wazi.

Monolojia ya pili iwe tofauti kabisa, wasimuone anaumia mara mbili. Achukue Kigogo ya Pauline Kea Kyovi, Mkenya, vitabu hivyo vinapatikana hata kwa kuagiza. Yule Ashua, mke wa Sudi mchongaji, anakwenda ofisini kwa Majoka mtawala wa Sagamoyo kuomba msaada, soko limefungwa, watoto wana njaa, na huyo Majoka zamani alimtaka yeye akamkataa akaolewa na Sudi. Ona hapo palivyo, anamuomba mtu ambaye alishamkataa, kwa hiyo kila neno lazima alipime, awe na adabu lakini asijiuze. Shida ni kwamba mistari ya Ashua inakatwa na majibu ya Majoka, haijakaa kama monolojia, kwa hiyo kuna kazi ya mkasi na hii kazi ina utaratibu wake. Anatoa mistari ya Majoka yote. Halafu anaangalia ni wapi Ashua alikuwa anajibu swali, pale sisi hatulisikii swali kwa hiyo jibu litaning'inia, ama alifute ama aache kimya kifupi amuangalie Majoka kana kwamba ndo kasema. Asirudie swali kwa mdomo wake eti "unasema nimekuja kufanya nini?", hiyo mbinu kila msaili anaijua na inachosha. Na asiongeze sentensi yake hata moja. Akimaliza asome kwa sauti huku saa inahesabu, kwa uzoefu wangu dakika mbili za Kiswahili ni maneno kama 200 na kidogo, hayazidi 230, maneno yetu ni marefu. Aiweke kwenye dakika moja na nusu, siku yenyewe kimya na woga vitakula hizo nusu zilizobaki.

Atakutana pia na Prima Facie ya Suzie Miller wa Australia, ya 2019, mwanamke mmoja jukwaani toka mwanzo hadi mwisho, wakili aliyezoea kutetea watuhumiwa wa ubakaji halafu yanamkuta yeye. Mchezo mkubwa sana, ausome. Ila kwa odisheni siushauri, umevuma mno tangu ulipochezwa London 2022.

Haya, kikundi. Kwanza jua hili litakutia moyo: tamthilia nyingi mpya siku hizi zinaandikwa kwa watu wachache, kumbi za huko nje zimeishiwa hela ya kulipa waigizaji ishirini, kwa hiyo waandishi wamejifunza kubana. Umaskini wao umewafaa nyie.

Mngeanza na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ndo iliyoshika nafasi ya Kigogo kwenye sekondari za Kenya. Ni familia tu. Mama anaitwa Sara anaumwa, baba Yona alikuwa mwalimu pombe ikamharibia, mabinti wameshakuwa watu wazima, na mmoja, Neema, ndo anabeba mzigo wa matibabu huku nyumbani kwake mume naye ana yake ya kusema. Hakuna nyumba hapa Mwanga au Gungu isiyoujua huo ugomvi, nani anatuma hela ya hospitali, nani anapiga simu tu. Wahusika wanazidi sita lakini sio wote wapo jukwaani pamoja, mtu mmoja anaweza kubeba wawili kwa kubadilisha kitenge na mwendo. Mnahitaji kitanda au mkeka na viti viwili, maleba mnayo makabatini kwa mama zenu. Kwa wasichana wanne wenye nguvu sioni mwingine wa kuanza nao.

Wa pili ni Every Brilliant Thing, wa Duncan Macmillan na Jonny Donahoe, ulianza Uingereza 2013. Huu nimeupenda miaka mingi kwa sababu umeandikwa kama vile mwandishi alikuja Ujiji akaona mwembe wenu. Mwigizaji mmoja, watu wamekaa wamemzunguka, taa za ukumbi zinawaka muda wote, hakuna mandhari wala pazia. Anasimulia kwamba akiwa na miaka saba mama yake alijaribu kujiua, na yeye mtoto akaanza kuandika orodha ya vitu vizuri vya duniani ili mama abaki, ya kwanza aiskrimu. Kabla ya kuanza anagawa vikaratasi kwa watazamaji, akitaja namba mwenye karatasi anasoma kwa sauti, na wengine anawanyanyua wanakuwa baba, mwalimu, mpenzi. Watu wetu wa ngano wanaitikia vizuri sana, toka utotoni tukisikia "paukwa" tunajibu "pakawa", hawahitaji kufundishwa. Mtakachohitaji ni mtu mmoja jasiri na mwenye upole, na baada ya mchezo mkae na watu, hiyo ishu ya kujiua haijadiliwi nyumbani na kuna mtu ataondoka nayo kifuani msipomsubiri. Mtafute hata mhudumu wa afya awepo.

Wavulana wawili wasikae bure, wasome Barber Shop Chronicles ya Inua Ellams, ya 2017. Ni saluni za kunyolea za London, Lagos, Accra, Kampala, Harare na Johannesburg, wanaume wanaongea kuhusu baba zao na pesa na wanawake huku mechi ya Chelsea na Barcelona inaendelea. Mzima unataka wanaume kumi na mbili, hamuuwezi. Lakini mle mna vipande vya watu wawili, kinyozi na anayenyolewa, na kwa mazoezi vinatosha kabisa kuwafundisha kusikilizana. School Girls ya Jocelyn Bioh, pia 2017, ni ya wasichana wa bweni Ghana 1986 wanaogombania kwenda mashindano ya Miss Ghana, na ndani yake ni habari ya rangi ya ngozi na mikorogo. Inachekesha halafu inachoma. Wanawake wanane, kwa hiyo huu ni wa kuungana na kikundi kingine.

Kama mnataka vifupi vya kuchezea sokoni au kwenye sherehe, kuna mpango wa kimataifa wa michezo ya mabadiliko ya tabianchi, Climate Change Theatre Action, ulianza 2015 na umekuwa ukirudi kila baada ya miaka miwili, wamekuwa wakitoa tamthilia za dakika tano hivi bila kutoza hela kwa vikundi vinavyojiandikisha. Sisi ambao ziwa lilitupandia mpaka bandarini tunajua pa kuziweka. Na kuna The Gaza Monologues, 2010, zimeandikwa na vijana wa Gaza wenyewe kupitia ukumbi wa Ashtar wa Palestina, nazo zilitolewa ili vijana wa nchi nyingine wazisome jukwaani. Fupi, za mtu mmoja mmoja, na waandishi walikuwa na umri wa wadogo zenu.

Kama mmoja wenu hajawahi kushika Jogoo Kijijini ya Ebrahim Hussein, 1976, aishike. Najua umesema za kisasa. Ila ni ya msimuliaji mmoja, na mtu aliyeibeba ile sauti ya kusimulia peke yake hawezi kuogopa Every Brilliant Thing.

Swali la ruhusa. Kwetu hakimiliki inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo hizi zote nilizotaja zina mwenyewe. Msichana kusoma dakika mbili kwenye chumba cha odisheni hakuna atakayemdai. Kucheza mbele ya watu ni jambo lingine hata kama mlangoni hamtozi hela, muandikie mchapishaji, kurasa za mwanzo za kitabu zinasema pa kuandikia, na tafsiri inaombewa ruhusa yake peke yake. Waeleze ukweli, mpo sita, mnacheza shuleni, kiingilio shilingi ngapi. Mimi nimewahi kuandika hivyo nikapewa kwa bei ya heshima tu. Ushauri wa sheria upo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na kabla ya onyesho la hadhara pitia kwa afisa utamaduni wa manispaa. Msikate kona hapo, mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa shida kuliko nyie.

Mwambie huyo dada kama anakwenda na treni asiende kukariria ndani ya behewa, safari ni zaidi ya siku nzima, vumbi na kupiga kelele juu ya mlio wa reli vitammaliza sauti. Mistari iwe imeingia wiki moja kabla. Njiani anywe maji, alale, na mara moja tu kwa siku ainong'one ile ya Salima kuanzia kwenye nyanya.