Fundi Anajibu: Gari la Kwanza Ni Kupe

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa miaka 22, na leseni yangu haijatimiza hata miezi 6. Nimeonyeshwa Toyota Paseo la mwaka 1997, la milango miwili na gia za mkono, ambalo limetembea kilomita 184,000. Bei yake iko chini kuliko ya magari yote ya milango minne niliyoyaona, na injini inanguruma vizuri. Mjomba wangu, aliyeanza kuendesha kabla sijazaliwa, ananicheka na kusema kwamba kupe ni kupe tu, atakunyonya mpaka ukauke. Je, ninunue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba wako amecheza na neno, kwa maana kupe, jina la gari la milango miwili lenye paa la chini, limetoka kwenye Kifaransa likiwa na maana ya kilichokatwa, wala halina undugu na kupe yule wa ng'ombe. Hata hivyo onyo lake lina ukweli, ingawa kunyonya kwenyewe hakuanzii pale ambapo wanunuzi wengi hupatazamia.

Anayenunua gari kwa mara ya kwanza hukaza macho kwenye injini. Kwa Paseo, injini ndiyo inayonitia wasiwasi kidogo kuliko vyote. Gari hilo, ambalo Japani liliuzwa kwa jina la Cynos, lilijengwa juu ya msingi wa Tercel, na injini yake ya lita 1.5 ilifungwa pia katika magari mengine madogo ya Toyota, kwa hiyo vipuri vingi vya mitambo vinapatikana na fundi aliyezoea magari hayo hatakuwa mgeni chini ya boneti. Makupe mengi ya bei nafuu yalizaliwa hivyo hivyo: Opel Tigra la mwaka 1994 lilitokana na Corsa, na Ford Puma la mwaka 1997 lilitokana na Fiesta. Mtengenezaji alichukua gari la kawaida, akaiacha mitambo karibu kama ilivyokuwa, akalivika bodi mpya yenye paa la chini.

Ni kwenye bodi hiyo ndiko kupe alikojibanza. Vioo vya milango, kioo cha nyuma, taa za nyuma na mipira ya kuzuia maji havikushirikiana na gari jingine lolote, na kwa kuwa makupe yalinunuliwa na watu wachache kuliko ndugu zake wa milango minne, hata yale yanayochinjwa vipuri ni machache. Mimi mwenyewe niliwahi kumiliki gari la namna hiyo. Klachi yake ilipokufa, nyingine ilifungwa siku hiyo hiyo; taa ya nyuma niliyoivunja kwa uzembe wangu nikirudi kinyumenyume niliitafuta kwa miezi saba.

Kwa hiyo nenda na sumaku ndogo, uifunge kitambaa laini isikwaruze rangi, kisha uipitishe polepole juu ya matao ya magurudumu ya nyuma na kwenye bati lililo chini ya milango. Mahali ambapo sumaku inalegea ghafla, ujue chini ya rangi kuna puti, yaani lile pasti linaloziba mashimo ya bati. Fungua buti, toa tairi la akiba, inua zulia, ubonyeze bati kwa kidole gumba. Ukikuta maji yametuama, kuna mpira uliochoka mahali fulani. Na bati likibonyea huku likitoa sauti ya majani makavu, kutu imeshamaliza kazi, na hapo ninakusihi umshukuru muuzaji na uondoke. Shusha na kupandisha vioo vyote viwili mpaka mwisho, uwashe kila taa, na uhesabu kila kilichopasuka au kukosekana kuwa ni kitu ambacho huenda usikipate.

Injini nayo ina ukaguzi wake, lakini ni mfupi. Iguse kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, muuzaji ameipasha ili isikuonyeshe inavyoamka asubuhi, nawe urudi siku nyingine. Moshi wa buluu maana yake ni oili inayoungua, na ute mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili huweza kuwa dalili kwamba maji yanavuja kupitia gasketi ya silinda hedi. Uliza mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaofanya sehemu za injini zizunguke kwa mpangilio, ulibadilishwa lini. Katika injini nyingi mkanda huo hupangiwa kubadilishwa baada ya kilomita kati ya 60,000 na 100,000, au baada ya miaka kadhaa hata kama gari halikutembea, kwa sababu mpira huzeeka ukiwa umekaa. Jibu lisiloambatana na karatasi ya gereji ulihesabu kuwa si jibu, na gharama ya mkanda mpya uiondoe kwenye bei unapopatana.

Bei hiyo ndogo isikufanye umalize fedha zote siku ya kununua. Weka kando fungu la matairi, oili, maji ya breki na mkanda huo. Maji ya breki hunyonya unyevu hewani, na kanuni ya kawaida ni kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili, jambo ambalo wenye magari ya bei ndogo hulisahau. Matairi nayo yana umri ulioandikwa ubavuni: tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT zikisomeka 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na hata kama kashata zake bado ni ndefu, mimi nisingelitegemea kwenye mvua. Rimu za kung'aa na ekzosi ya kelele zisubiri. Ikiwa bodi imepita mtihani wa sumaku, nunua. Mjomba mwambie mimi ndiye niliyekuruhusu.

SWALI: Fundi, mwanangu wa kiume amelipenda gari dogo la aina hii na mimi ndiye ninayemchangia. Kwa macho yangu ni gari la mashindano. Je, ni salama kwake?

JIBU: Mama, umbo lisikutishe. Mengi ya magari haya yana injini ndogo iliyotoka kwenye gari la kwendea sokoni, wala hayana mbio za ajabu, ingawa ni vyema uulize bima kabla ya kulipa, kwani kampuni nyingine huliweka gari la milango miwili katika kundi la gharama zaidi hata kama haliendi kasi. Hofu yako ningeihamishia kwenye umri wake. Mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuteleza na kupoteza mwelekeo ulifanywa kuwa wa lazima kwa magari mapya yote katika Umoja wa Ulaya mwaka 2014, na Marekani kuanzia matoleo ya mwaka 2012. Gari dogo la bei nafuu la miaka ya 1990 halina, na baadhi hayana hata breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasijifunge, wala mifuko ya hewa. Kati ya magari mawili yenye hali sawa, mchagulie lenye vitu hivyo viwili. Nguzo nene za nyuma huficha pikipiki nzima, kwa hiyo na ajizoeze kugeuza shingo, na kiti cha nyuma kibaki cha mizigo, kwa sababu aliyeketi huko hana mlango wake wa kutokea.

SWALI: Fundi, mimi gari la namna hiyo nimeshalinunua. Mlango wa dereva unashuka ukifunguliwa, na lazima niuinue ndipo ufunge. Nimeshauriwa kutafuta mlango mzima.

JIBU: Usiutafute bado. Mlango wa kupe ni mrefu, na uzito wake wote unaning'inia kwenye bawaba mbili. Ufungue nusu, ushike ncha yake, uuinue kwa mkono: ukiona bawaba ya juu inacheza huku nguzo ya bodi imetulia, kilicholika ni pini na bushi zake, ambazo fundi wa bodi hubadilisha akiwa ameuegemeza mlango kwenye jeki yenye ubao juu yake. Zikikosekana dukani, mchonga vyuma atakuchongea nyingine. Lakini nguzo yenyewe ikitikisika, ufa uko kwenye bati lake, na hilo ni la kuchomelewa kabla mlango haujaguswa.