Harusi imo ndani ya DVD: kuitoa, kuikata na kuichoma upya

SWALI: Nina DVD tatu za harusi ya dada yangu ya mwaka 2007, tulizochomewa na mpiga video wa mtaani. Niligeuza kila faili kuwa MP4 kwa programu ya bure, kisha nikayaunganisha. Picha imefifia, kwenye maungio inaruka, na kuanzia faili la pili midomo ya MC haiendani na sauti. Nimekosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Umekosea pale ulipogeuza. Kilichomo kwenye DVD tayari ni video kamili ya MPEG-2, mfumo wa video unaotumiwa na DVD. Kazi yako ni kuitoa tu. Kila ukiigeuza kompyuta inaipika upya na kutupa sehemu ya picha, na picha ya nukta 720 kwa 576 haina cha ziada cha kutupa.

Fungua folda ya VIDEO_TS. VTS_01_0.VOB ni menyu. VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea ndiyo harusi yenyewe. Mafaili ya IFO ni ramani inayoiambia deki kipi kianze na kipi kifuate. BUP ni nakala ya akiba ya ramani hiyo. Sasa, VOB hukatwa kila inapokaribia GB 1, na mkato huo haujali kama bibi harusi yuko katikati ya kuvishwa pete. Faili la pili laweza kuanza na fremu zinazotegemea zilizobaki kwenye faili la kwanza. Ukiligeuza peke yake, fremu hizo zinatupwa na saa inaanza kuhesabiwa upya. Sauti na picha zinaachana kidogo, na kila ungio linazidisha. MC wako hana kosa.

Anza kwa kukopi folda nzima ya VIDEO_TS kwenye kompyuta. DVD za kuchoma nyumbani hazina kufuli, zinakopika kama faili lolote. Kisha ifungue kwa MakeMKV (upande wa DVD ni bure), ambayo inasoma ramani ya IFO na kukutolea faili moja la MKV kwa kila kipengele, bila kugusa picha wala sauti. Kabla ya hapo ingia kwenye mipangilio yake: kwa kawaida inaruka kipengele chochote kisichofika sekunde 120. Wapiga video wengi huweka picha za mnato au utangulizi wa dakika moja kama kipengele cha peke yake, na watu hudhani vimepotea. Shusha kiwango hicho hadi sekunde 5.

Ramani ikiwa imeharibika na MakeMKV ikagoma, unganisha VOB kwa mkono. Kwenye Windows, ukiwa ndani ya folda hiyo:

copy /b VTS_01_1.VOB+VTS_01_2.VOB+VTS_01_3.VOB harusi.vob

Hiyo /b usiisahau, na usichanganye VTS_01 na VTS_02, hizo ni seti mbili tofauti. Halafu tumia ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -fflags +genpts -probesize 200M -analyzeduration 200M -i harusi.vob -map 0:v -map 0:a -c copy harusi.mkv

Neno genpts linaitaka programu ijaze alama za muda zinazokosekana. Zile 200M mbili zinaifanya ichungulie mbali zaidi mwanzoni, maana sauti ikichelewa kuanza, ffmpeg huamua kwamba haipo na kukupa harusi bubu. Ikilalamika kuhusu pcm_dvd (aina ya sauti ya DVD), ongeza -c:a pcm_s16le baada ya -c copy.

Mwishoni linganisha uzito. MKV iwe karibu sawa na jumla ya VOB zake. Ikiwa robo yake, ama kuna kitu kimeachwa ama kuna mahali umegeuza bila kujua. Na kama flashi yako inakataa faili linalozidi GB 4 ilhali nafasi ipo, imefomatiwa kwa FAT32. Hamisha vilivyomo, uifomati upya kwa exFAT.

Kukata hotuba ndefu tumia LosslessCut, nayo haipiki upya. Mkato wake unaangukia kwenye fremu kamili tu, ambayo kwenye DVD za kwetu huja angalau kila fremu 15, yaani sekunde 0.6. Kwa hiyo usikate neno kwa neno. Kata pale watu wanapopiga makofi. Ukitaka kuweka maandishi, muziki au kurekebisha rangi, hapo ndipo utumie Kdenlive au Shotcut, na upike mara moja tu, mwisho wa kazi yote.

SWALI: DVD yangu inafika dakika ya 40 kisha inaganda. Kompyuta nayo inakataa kuikopi. Nimeisugua kwa dawa ya meno, hakuna nafuu.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dawa ya meno iache, inaongeza mikwaruzo. Osha kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, ufute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe: mkwaruzo unaofuata mzunguko huficha data nyingi zinazofuatana, ule unaokatiza unaficha kidogo kidogo. Kama juu kuna lebo ya karatasi, usiibandue. Ikichanika nusu, diski inayumba kuliko mwanzo.

Kisha achana na kukopi kwa kawaida, kwa kuwa hukata tamaa kwenye kosa la kwanza. Kwenye Linux tumia ddrescue (katika Ubuntu kifurushi kinaitwa gddrescue):

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map
ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Hapo /dev/sr0 ni draivu ya DVD. Mstari wa kwanza unachukua penye urahisi na kuruka pabovu. Wa pili unarudi kupapigania mara tatu. Lile faili la map ndilo lenye thamani. Linakumbuka kilichokwisha kusomwa, hivyo unaweza kuihamishia diski kwenye kompyuta nyingine, ukakopi na mafaili hayo mawili, ukarudia mstari wa pili. Draivu hazisomi sawasawa. Palipoishinda moja, nyingine hupita. Ikichukua usiku kucha usishtuke. ISO (nakala ya diski nzima katika faili moja) ikipatikana, MakeMKV inaifungua kama DVD nzima. Penye pengo utaona vigae vya rangi kwa sekunde kadhaa.

SWALI: Kidivii kidogo cha sentimita 8 cha kamera ya zamani kinaonekana kitupu kwenye kompyuta, lakini kwenye kamera kinacheza.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hakijafungwa. Kamera huandika orodha ya yaliyomo mwishoni kabisa, pale unapochagua kufunga diski kwenye menyu yake, na bila hiyo kompyuta haioni kitu. Weka kamera kwenye umeme, usitegemee betri, uifunge. Kama kamera imekufa, IsoBuster inaweza kusoma diski isiyofungwa. Ukikuta faili la VR_MOVIE.VRO badala ya VOB, ndani ni MPEG-2 ileile. Ipitishe kwenye ile amri ya ffmpeg. Na usikitie kwenye draivu ya kumeza isiyo na trei, kitakwama ndani.

SWALI: Nikishamaliza kuhariri, mama anataka DVD ya kucheza kwenye deki yake, na wadogo zangu wanataka ya simu. Ya simu inatoa mistari kila mtu akicheza.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Mistari hiyo inayofanana na meno ya chanuo imo tangu kamera. Kila fremu imebeba nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, zilizopigwa kwa kupishana 1/50 ya sekunde. Televisheni ya zamani inazionyesha kwa zamu. Simu inazionyesha pamoja. Kwa simu zitenganishe:

ffmpeg -i harusi.mkv -vf bwdif,scale=768:576,setsar=1 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac harusi.mp4

Ile 768 ni kwa picha ya 4:3. Ya 16:9 andika 1024, la sivyo wageni wote watakuwa wembamba.

Ya mama usiitenganishe, iache ilivyo. Tumia DVDStyler, na kwenye sifa za kila kipande chagua kukopi badala ya kupika. Ikibidi upike, hesabu ni hii: diski ya GB 4.7 ina megabiti 37,600. Gawa kwa sekunde. Dakika 90 ni sekunde 5,400, unapata karibu megabiti 7 kwa sekunde. Toa sauti na akiba kidogo, weka picha 6.5. Kwa saa mbili weka 4.8. Saa nne kwenye diski moja ni kumtafutia mama ukungu, mpe diski mbili. Kama shangazi alituma DVD kutoka Marekani, ni NTSC, mfumo wa picha wa huko, ya 720 kwa 480. Ichomee diski yake peke yake, usiichanganye na za PAL, mfumo wa DVD za kwetu.

Toa ISO kwanza, icheze kwa VLC ujaribu kila kitufe cha menyu, kisha choma kwenye DVD-R kwa kasi ya 4x au 8x.