Kijana aliyeniomba kraki ya kuchorea saketi

"Shikamoo kaka. Naomba kraki ya ile programu unayochorea saketi zako, nakabidhi ripoti ya mradi Ijumaa."

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza. Watu wengi wa fani yetu hapa Dar wanaamini mchoro safi lazima utoke kwenye programu ya mamilioni, na kwa kuwa mamilioni hatuna, basi kraki, yaani programu iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe, kwenye flashi ya mtu wa Kariakoo itatuokoa.

Kraki sina. Mwezi uliopita andiko letu limekubaliwa na jarida. Mmoja wa wahakiki alitubana karibu kila ukurasa, lakini kwenye michoro akaandika kwamba inasomeka vizuri sana. Sentensi hiyo nimeihifadhi kwenye simu, na anayetaka kuiona aseme tu. Michoro yote imetoka KiCad (ya kuchora saketi), Inkscape (ya kurekebisha michoro) na CircuiTikZ (ya kuchora saketi kwa kuandika amri), na sijalipa hata shilingi.

Naringa, ndiyo, na nina sababu. Zamani kidogo mkubwa wangu wa kazi alinikuta nachora kwa KiCad akasema mbele ya ofisi nzima kwamba vya bure ni vya watoto. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo bado inaniuma. KiCad ilianzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, na tangu 2013 CERN, wale wanaogonganisha chembe chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wamekuwa wakichangia kuiboresha. Hao ndio watoto wenyewe.

Tuje kwenye kuchagua. Kabla hujapakua chochote, jiulize mchoro utaishia kwenye karatasi ya namna gani. Safu moja ya majarida ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, ina upana wa inchi 3.5, yaani milimita 89 hivi. Mchoro uliojaza skrini ya laptopu ukibanwa humo, thamani za resista zinabaki kama mchwa waliokanyagwa. Kwa hiyo tafuta programu inayotoa vekta: PDF, SVG au EPS. Humo mstari hubaki mstari hata ukiukuza vipi. Picha ya skrini ni vidoto tu, na IEEE hutaka angalau vidoto 600 kwa inchi kwa michoro ya mistari. Hapo LTspice, programu ya kujaribia saketi kwenye kompyuta, ambayo nayo ni ya bure ingawa msimbo wake haujafunguliwa, mimi naiweka kando. Kwa kujaribu saketi kabla ya kuunda naipenda sana, lakini sura ya michoro yake ni ya kuonyeshana wenyewe kwa wenyewe.

Saketi ya andiko letu ni ya kulinda friji, maana umeme wa hapa ukirudi baada ya kukatika hauji kwa adabu. Chipu ya TL431 inatoa volti rejea ya 2.5, chipu ya LM393 inalinganisha, transista inavuta relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Ukiandika kwa LaTeX, programu ya kupanga maandiko kwa amri, CircuiTikZ inakuchorea kwa maandishi. Mstari huu:

\draw (0,0) to[R, l=$R_1$] (2,0);

unakupa resista yenye jina lake, na herufi za jina hilo zinafanana na za andiko lako lote. Utamu uko hapo. Tatizo ni kwamba kila kitu unakipangia nafasi kwa namba. Kwenye mguu wa kutokea wa LM393 lazima uweke resista ya kwenda chanya, la sivyo volti haipandi. Kuibana resista hiyo isigongane na waya wa relei kulinila jioni nzima, chai ikapoa.

Kwa KiCad unaburuta kwa mausi. Ukimaliza, toa SVG ya nyeusi na nyeupe, ondoa fremu ya ukurasa, fungua kwenye Inkscape, bonyeza Ctrl+Shift+R ili ukurasa ukate sawasawa na mchoro, kisha nenepesha mistari na kuza herufi. Kuna alama ya R ambayo ni mstatili wa IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme), na R_US ambayo ni ya zigizaga. Chagua moja, usichanganye. Na penye makutano ya nyaya weka nukta. Nimeona ripoti za watu wazima bila nukta.

Wahandisi wenzangu, tunalalamika kila siku kwamba mtu akileta kitu chake hapa mjini wiki inayofuata kimeigwa. Halafu sisi hao hao tunapeana kraki kwenye makundi ya WhatsApp, virusi ndani, na kuiita ujanja. Programu zilizoandikwa na watu waliojitolea zipo, hatuzigusi kwa kuwa hazina bei ya kututisha. Hiyo nayo ni dharau, tena ya kujidharau.

Mdogo wangu, kwa Ijumaa usiianze CircuiTikZ, itakupiga chenga. Chukua KiCad. Kifurushi chake cha Windows kinazidi GB 1, kwa hiyo subiri bando la usiku au kaa na Wi-Fi ya chuo. Steshenari peleka PDF. Ukipeleka faili la Word, kompyuta yao isipokuwa na fonti zako, omega zote, zile alama za ohm, zinaweza kugeuka visanduku.