Bi mkubwa kuchomwa simenti kwenye pingili: majibu ya mtu wa thieta

Mkuu uliyeuliza kuhusu bi mkubwa wako aliyeteleza bafuni akavunjika pingili ya mgongo, daktari kasema achomwe simenti ya mfupa na wewe umesikia eti inakimbilia mapafuni, pole sana. Mimi ni mtu wa x-ray thieta, ile C-arm (mashine ya x-ray ya thieta) naishika mimi, kwa hiyo haya mambo nayaona laivu kwenye skrini.

Kuvuja kupo, tena sana tu. Mgonjwa akipigwa CT scan baadaye mara nyingi utakuta kidogo imetoka nje ya mfupa, kwenye diski au kwenye vijimshipa, na mwenyewe hana habari anakunywa chai yake. Tunachoogopa ni iende nyuma kwenye mfereji wa uti wa mgongo, au iingie kwenye vena, yaani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Ikienda nyuma inabana neva, mguu unakosa nguvu, mkojo unagoma, hapo ni kufunguliwa mgongo haraka. Ya kwenye vena ndo hiyo ya mapafu uliyosikia, vipande vingi ni vidogo vinaonekana kwa bahati tu kwenye x-ray ya kifua, ila akibanwa pumzi au kifua kuuma usingoje asubuhi.

Sasa kwa nini inavuja? Ni unga unaochanganywa na maji yake palepale mezani, harufu kali balaa, mwanzoni inakuwa nyepesi na ukiisukuma hivyo inatafuta mshipa. Daktari anayejua anasubiri iwe nzito kama dawa ya meno, ila akizubaa inamgandia kwenye sindano, yaani nafasi yake ni dakika chache. Imewekwa bariamu ndo maana tunaiona, mimi naweka mashine picha ya ubavu macho yote ukuta wa nyuma wa pingili, ikianza tu kusogea huko napiga kelele na yeye anaacha hata kama pingili haijajaa. Kujaa sio sifa jamani! Wale wanaotaka picha ipendeze ndo wa kuwaogopa.

Kuna ile ya kutanguliza puto kutengeneza nafasi kwanza, simenti inaingia kwa presha ndogo na kuvuja kunapungua, ila bei imechangamka.

Kingine ni pingili jirani kuvunjika miezi ya mbele. Wataalamu wanabishana kama ni ule ugumu wa simenti au mifupa yenyewe tu imekwisha, kwangu mimi vyovyote vile akitoka hospitali bila dawa ya osteoporosisi (mifupa kuwa dhaifu) mtarudi tena.

Waambie mapema kama anatumia warfarini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, na kama ana homa au UTI itibiwe kwanza, maambukizi yakikaa kwenye simenti kuyatoa ni kazi.

Halafu uliza kama mvunjiko bado mbichi kwenye MRI. Mwaka 2009 zilitoka tafiti mbili kwenye New England Journal of Medicine, waliochomwa simenti na waliofanyiwa danganya toto (sindano bila simenti) maumivu yakapungua sawasawa, ingawa utafiti wa VAPOUR wa 2016 ukaonyesha waliovunjika ndani ya wiki 6 wenye maumivu makali wanafaidika. Sasa hujasema bi mkubwa kaanguka lini na kama dawa na mkanda vinamsaidia, weka hapa na ripoti ya MRI ukiwa nayo, ila futa jina lake.